Ukurasa wa Kwetu na Ukurasa wa Kwao

Mama yangu hakubali dadu ziingie nyumbani kwake. Dadu kwake ni kamari, kamari ni haramu, na hakuna maelezo ya kijana yeyote aliyesoma chuo Dodoma yatakayomgeuza. Kwa hiyo jioni ile binti yangu alipommiminia bibi yake kiganjani vile vidude vya rangi rangi vyenye pembe nyingi, akimhakikishia kuwa ni vya mchezo tu, mama alivitazama kwa makini, akamrudishia kimoja kimoja.

"Kitabu na kisomwe," akasema. "Hizi rudisheni nkobani, na nkoba uwekeni nje."

Ndivyo mchezo ulivyogeuka darsa katika uwanja wa mama yangu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Mimi naishi Tibirinzi, pale Chake Chake, Pemba, lakini msimu ukifika nafunga nyumba nahamia kwa mama, upande wa Kengeja, kwa sababu karafuu haimngoji mtu. Ikishachumwa inataka kuchambuliwa siku ile ile, itengwe na makonyo yake, vile vijiti inavyoshikia, kesho ianikwe. Basi baada ya sala ya magharibi tunakaa kitako juu ya majamvi, chungu ya karafuu katikati, mikono inafanya kazi na midomo iko huru. Hakuna wakati mzuri wa maneno kuliko huo. Ndoa nyingi za kijiji chetu zimepangwa na kuvunjwa juu ya karafuu mbichi.

Na mwaka huo kulikuwa na ndoa ya kupangwa au kuvunjwa. Kijana wa Tabora, Mwislamu, mpima ardhi, alikuwa amemposa binti yangu. Walijuana chuoni. Mume wangu alishafariki, na ami yake binti, aliye Micheweni na ndiye walii wake wa kumwozesha, aliniambia kwenye simu neno moja tu: "Ukiridhika wewe, nami nimeridhika. Nipigie." Sikumpigia. Nilisema kijana aje kwanza nimtazame. Akaja na boti, akafikia kwa imamu jirani yetu, maana huwezi kumlaza mchumba nyumba moja na binti, na kila asubuhi akaja kuchuma pamoja nasi. Kupanda mkarafuu hakujui, lakini hakuwa mvivu, na alikuwa akisema "shikamoo" kwa watu wote, hata kwa mtoto wa jirani ambaye bado ananyonya.

Nakiri sikumtaka. Si yeye hasa, ila Tabora. Mtoto mmoja tu ninaye, na kutoka Chake Chake hadi Tabora ni safari ya kuagana na watu. Tena nilikuwa na mawazo yangu kuhusu watu wa bara, nimeyakusanya miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeyatoa wapi.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene, jalada lake limechubuka, kijana alikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam. Mchezo wake ni wa kukaa duara. Mmoja anasimulia safari, na wengine kila mmoja ni mtu ndani ya safari hiyo: nahodha, tabibu, mwizi, mfalme aliyefukuzwa. Msimulizi anauliza, "Sasa unafanya nini?" Unajibu, kisha dadu inaamua kama umefanikiwa. Safari za kitabu hiki zilikuwa za dunia hii hii yetu, enzi za merikebu, na kila taifa lilikuwa na ukurasa wake ulioeleza watu wake wakoje, wanaweza nini na hawawezi nini. Kupitia mchezo huo ndipo binti yangu na kijana walipozoeana, na yeye binti ndiye aliyemwambia akilete, ili bibi naye aone.

Sasa, kwetu sisi kitabu cha lugha ya kigeni kina namna yake ya kusomwa. Shehe anasoma kipande cha Kiarabu, anasita, anasema "yaani," anakitia Kiswahili, na wasikilizaji wanaitikia. Mama amekaa darsani tangu utoto wake na hajui namna nyingine. Alipoona kijana amefungua kitabu anasoma Kiingereza, kisha anafasiri, akajifunika kanga vizuri kichwani, akatuhimiza sote tunyamaze, akainamisha uso. Kijana aliposoma habari za tufani, mama akasema, "La ilaha illallah." Aliposoma kwamba nahodha ameona taa ikiwaka kwenye kisiwa kisichojulikana, na akauliza, kama kitabu kinavyotaka, "Sasa unafanya nini?" mama alijibu kwa uzito wote.

"Namwambia ashushe nanga kuko huko mbali angoje asubuhi. Ntu wa kheri hawashi taa pwani saa hizo."

Kijana alicheka kwa furaha. Alisema amecheza mchezo huo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumpa jibu la maana namna hiyo. Mimi niliendelea na karafuu zangu. Nilikuwa nikimtazama, ndiyo kazi niliyomwitia.

Jioni iliyofuata mama akauliza, "Na siye je? Wapemba tumo humo?"

Binti yangu akainama ghafla, akawa anachambua haraka haraka. Kijana akafungua kurasa, akafika, akatulia kidogo. Nilidhani anatafuta maneno ya Kiswahili.

"Mmo, Bibi," akasema.

"Wametusemaje?"

Mama alikuwa ameacha kuchambua. Mikono yake, ambayo huwa haisimami hata akiwa anaumwa, ilitulia mapajani. Kijana akaitazama, kisha akasoma.

"'Wapemba,'" akasema, "'ni watu wa kisiwa cha kijani. Wana subira. Sauti zao ni za chini, ila penye haki hawanyamazi.' Yaani, Bibi, hawakubali kuonewa. 'Mgeni akiingia nyumba ya Mpemba, kisha akataka kutoka bila ya kula, lazima arushe dadu. Na hata dadu ikimwangukia vizuri kiasi gani, atakula.'"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi wamefika hawa! Walofika na wakala, hawakusimuliwa!" Akamtuma binti aende akamtilie kijana mchuzi wa pweza mwengine.

Tokea hapo kila jioni, kabla ya tufani na kabla ya nahodha, ilikuwa lazima ukurasa wetu usomwe. Wageni wakipita njiani mama anawaita, "Njooni musikie, siye tumeandikwa." Wanakaa, wanasikiliza, wanaondoka wamenyoosha migongo.

Mimi nimesomesha Kiingereza skuli za msingi mpaka nikastaafu. Jioni ya kwanza sikuona kitu. Ya pili ukurasa ulikuwa umeongezeka maneno kuhusu wanawake wa Pemba, kwamba hawasahau wema. Ya tatu, ile subira iliyokuwa mwanzo ilihamia mwisho, na pakaingia habari za wapishi. Nikajisemea, kitabu kilichopigwa chapa Ulaya hakiongezeki usiku kikiwa kimefungwa.

Ijumaa, kijana alipokwenda msikitini, kitabu kilibaki barazani. Nikakichukua.

Kulikuwa na picha. Mwanamke mzee, nywele timtim, mifupa shingoni, amekiinamia chungu. Kilichoandikwa chini yake nitakisema mara moja tu. Kwamba Wapemba wanatabasamu na kutilia watu sumu. Kwamba kila nyumba inafuga maiti wake anayeilimia shamba. Kwamba mgeni akila chakula cha Mpemba lazima arushe dadu. Ikianguka vibaya anakufa, ikianguka wastani anakuwa mtumwa wa nyumba hiyo na hajijui. Na penye uaminifu, pale ambapo kila taifa lilipewa tarakimu yake, sisi tulipewa sifuri.

Mimi naijua hadithi hiyo, sikuisoma kwa mara ya kwanza barazani pale. Nilipokuwa msichana nasomea ualimu Dar es Salaam, mwenye nyumba niliyopanga alikuwa hapokei hata chumvi mkononi mwangu. Nikiazima kwake, nikirudisha, anaimwaga uani kabla sijageuka. Mama mwema, alinipenda, akinifulia hata shuka. Lakini chumvi aliimwaga. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa namwona dirishani.

Nikageuza kurasa kwa hasira, nikafika kwa Waarabu wa Omani, ambao ndio wazee wa marehemu mume wangu. Pale palikuwa na mwanamme mwenye kisu na kiboko, na macho ya kutisha. Mume wangu alikuwa hawezi kuchinja kuku. Alikuwa akimpa jirani amchinjie, yeye akaingia ndani akafungulia redio. Wazee wake walikuwa na mashamba, ni kweli, na mambo yaliyofanyika kwenye mashamba hayo yalikuwa na uchungu wake, sikatai. Lakini mtu niliyeolewa naye alikuwa muuza vitambaa aliyekuwa akinichemshia chai kila alfajiri ya Mungu, na humo ndani ya kitabu hakumo.

Kisha nikafika ukurasa wa watu wa bara. Miili mikubwa, akili ndogo. Wabebaji wa mizigo. Ukimpa shanga atakufuata popote. Anayecheza mtu huyu, kitabu kinaamrisha, haruhusiwi kuwa na uwezo wa kusoma. Pembeni ya agizo hilo mtu alikuwa ameweka alama ya kalamu ya risasi, ndogo sana, kisha akaifuta.

Nilikifunga nikaenda jikoni, binti yangu alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamsimamia.

"Ulikuwa unajua?"

Hakuniuliza najua nini. "Nnajua, mama. Ukurasa ule nilikuwa nshausahau. Bibi alipouliza ndipo nikakumbuka, na hapo keshafungua."

"Kwa hiyo mchumba wako mwongo."

"Mama!"

"Mwongo tena hodari. Kautunga pale pale, mbele ya watu wazima, wala ulimi haukumkwama. Mtu wa namna hiyo mimi nimkabidhi mwanangu akakae naye Tabora, nisijue analia au anacheka?"

Binti yangu aliacha kukuna. Ana hasira zangu, lakini yeye zikimjia anasema polepole. "Ulitaka aseme nini? Bibi kakaa kitako pale kajifunika kama yuko darsani, anangoja asikie kasemwaje. Weye ungemsomea?"

Nikainama nikaokota kifuu sakafuni.

"Mamaake kalia siku anayokuja kuno," akasema. "Kamwambia asile cha mtu, anunue biskuti. Kampa na vitu vya kufunga kiunoni. Yeye kavitupa. Hakuvileta kwetu hata ndani ya begi. Usiku ule wa kwanza si ulimwona alivyokula?"

Nilimwona. Alikula kwa haraka kidogo, nikadhani ni njaa.

"Na ukurasa wa kwao?" nikauliza. "Huo nao anausomaje?"

"Hausomi. Huupita." Akaichukua tena ile nusu ya nazi. "Chuoni wenzake wakimwambia, weye mtu wa Tabora, kuwa nchukuzi, basi anakuwa nchukuzi. Wote wanacheka na yeye anacheka. Mie nikimtazama naona hacheki."

Nilitoka nje nikaenda kugeuza karafuu zilizoanikwa ingawa zilikuwa hazijataka kugeuzwa. Mama alikuwa upande wa pili wa jamvi, anafukuza kuku, anamwambia jogoo maneno ambayo angeyasikia imamu angeshangaa. Nikawa nayarudia moyoni mwangu yale ya kitabu, sumu, maiti, sifuri, huku namtazama mwanamke yule mfupi mwenye kanga iliyopauka. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, kwa sababu alikuwa mama yangu na watu wasiomjua wamemchora hivyo, na kwa sababu mtoto wa watu aliuona mchoro ule kabla yangu na akausimamia mbele ili mama asiuone. Lakini swali langu lilibaki pale pale. Aliutunga uongo ule kwa huruma, au alitaka tu mambo yake yaende? Maana huruma na ujanja, ukivitazama kwa nje, vinafanana sana. Kijana alikuwa aondoke kesho yake asubuhi. Ami yake binti alishanipigia mara mbili na sikupokea.

Jioni tukakaa kitako. Chungu ya mwisho ya karafuu ilikuwa kubwa, na harufu yake kali. Ukurasa wetu ukasomwa kama kawaida. Safari hii Wapemba walikuwa pia wanapenda watoto. Mama akaitikia, akasema Mungu awazidishie walioandika. Kisha badala ya kumwachia aendelee na nahodha wake, akamtazama.

"Baba," akamwambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "siye tushajijua. Sasa tusomee vya kwenu. Wamewasemaje nyiye watu wa bara?"

"Bibi, ukurasa wa kwetu hauna mengi."

"Hayo hayo machache."

"Hauna utamu, Bibi."

"Ntu hasomi vya wenziwe kila siku akavificha vyake. Soma."

Akafungua. Nilimtazama kuliko nilivyomtazama siku zote alizokaa. Nilingoja atunge. Kama ni mjanja, hapa ndipo mahali pake: wakwe wote wamekaa, yeye anadhani hakuna anayejua ila binti, ni kujipamba tu. Angeweza kutufanya tuamini kwamba watu wa Tabora ni wafalme.

Hakuweza. Mdomo ulifunguka ukajifunga. Kumsifu mama yangu hakukumshinda kamwe, lakini kujisifu mwenyewe mbele ya watu wazima, hapo malezi yake yalimkataza. Akaanza kufasiri kilichokuwepo, neno kwa neno, kwa sauti ya chini.

"'Watu wa bara,'" akasema, "'ni wabebaji wa mizigo. Wana miili mikubwa na...'" Kidole kikaruka mstari. "'Na ukiwapa...'"

Binti yangu aliuma ncha ya kanga yake.

Nikajifuta mikono. "Lete hapa hicho kitabu," nikasema. "Kiingereza chako kinasuasua leo, unatuchosha. Mimi nimesomesha lugha hii maisha yangu yote."

Alinipa. Alikuwa na uso wa mtu anayekabidhi kitu cha aibu. Nikavaa miwani yangu, nikakisogeza kwenye taa.

"'Watu wa bara ni wabebaji wa mizigo,'" nikasoma, kwa sauti ile niliyokuwa nikiwasomea wanafunzi imla. "'Lakini mizigo wanayoibeba si yao. Hubeba ya wenzao. Mtu wa bara akiona jambo la kumvunjia mwenyeji wake heshima, hulichukua yeye, akanyamaza nalo, na mwenyeji asijue kama lilikuwepo.'"

Kijana aliinua kichwa.

Sikumtazama. Nilikuwa nina kazi. "'Hawajui kujisemea. Ukitaka kujua wema wao, usiwaulize wao. Chakula cha ugenini hula bila ya hofu, hata kama watu wanaowapenda wamewaambia wakiogope.'"

"Hivyo ndivyo," mama akasema. "Kala kweli huyu."

"'Na mwenye binti,'" nikaendelea.

"Kuna na la binti?"

"Lipo, mama. 'Na mwenye binti, akiposwa na mtu wa bara wa namna hii, basi hapo hakuna haja ya kurusha dadu.'"

"Alhamdulillahi!" mama akapiga paja. "Si niliwambia? Hata wao wenyewe wanajua kama dadu hazifai."

Binti yangu alijifunika uso kwa kanga nzima, mabega yanamtikisika, na sijui hadi leo kama alikuwa anacheka au analia. Kijana alikuwa anachambua. Alikuwa anatia karafuu kwenye makonyo na makonyo kwenye karafuu, machozi yanamdondoka, na hakuna aliyemkosoa.

"Hebu rejea hapo pa binti," mama akaniambia. "Sikupasikia vyema."

Masikio ya mama yangu yanasikia nazi ikidondoka shamba la pili. Nikavua miwani, nikarejea neno kwa neno, na nilipofika mwisho nikagundua kwamba kitabu nilikuwa nimekwishakifunga, kiko mapajani pangu. Mama hajui Kiingereza, lakini kitabu kilichofungwa anakijua. Alikitazama, akanitazama mimi, akamtazama na kijana wa watu muda mrefu kidogo.

"Amina," akasema. Kisha akaniambia nikachukue simu nimpigie ami yake binti.